Dhahiri na Batini katika Mazungumzo ya Fasihi Yetu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wahakiki wa mashairi wameyatumia kwa muda mrefu, nayo ni dhahiri na batini. Dhahiri ni ile maana iliyo juu ya neno, ambayo huipata kila mwenye masikio. Batini ni ile iliyokaa chini yake, nayo haimfikii mtu ila ajue ni nani anayesema, anamwambia nani, na ni jambo gani ambalo wote wawili wanaliepuka. Katika makala haya nakusudia kuyachukua maneno hayo na kuyapeleka mahali ambapo hayatumiwi sana, yaani katika mazungumzo ya wahusika wa tamthilia, riwaya na hadithi. Nafanya hivyo kwa sababu naamini kwamba hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa maandishi yetu mengi, na kwamba namna tunavyofundisha fasihi mashuleni inauzidisha udhaifu huo badala ya kuuponya.

Udhaifu wenyewe ni huu. Wahusika wetu wanahutubiana. Mume mlevi akiingia nyumbani humweleza mkewe kwamba yeye ni mlevi na kwamba ulevi wake unaiangamiza familia. Mke humjibu kwa aya nzima juu ya haki za wanawake na malezi ya watoto. Kijana aliyekataliwa na mchumba husimama katikati ya jukwaa akatutangazia kwamba moyo wake umejaa huzuni. Kila mtu analijua lililo moyoni mwake, anayo maneno ya kulieleza, na hana lolote la kumzuia kulieleza. Nani amepata kukutana na watu wa namna hiyo? Ajabu ni kwamba mwandishi wa mazungumzo kama hayo, akiweka kalamu chini na kwenda sokoni au kukaa barazani, husikia lugha nyingine kabisa, lugha ya watu ambao kwa malezi na mila wamekuwa mafundi wa kusema bila kusema. Yeye mwenyewe huitumia lugha hiyo tangu asubuhi hata usiku. Ni pale tu anapoandika ndipo anapoisahau.

Tuchukue mfano mdogo niliouunda kwa ajili ya makala haya. Kijana amerudi kijijini baada ya kukaa mjini miaka mitatu bila kuandika barua. Anamkuta baba yake nje ya nyumba akitia mpini kwenye jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na basi?"

"Na basi, baba. Lilijaa mno. Nimesimama njia nzima."

"Lilijaa." Mzee akagonga kabari mara mbili. "Naona miaka yote mitatu yalikuwa yanajaa."

Kijana akautua mfuko wake. "Jembe la nani hilo, baba?"

"La mtu."

"Mtu gani?"

"Kaoge kwanza. Maji yapo uani."

Mwandishi wa hotuba angemfanya mzee huyu aseme kwamba amekasirika kwa kutupwa na mwanawe, lakini kwamba bado anampenda na anamwandalia mahali pa kulima. Habari ingekuwa ile ile, na msomaji angeipokea kama anavyopokea tangazo. Katika mazungumzo niliyoyaandika, mambo hayo mawili hayakutajwa, lakini hayatajwi kwa namna mbili zilizo tofauti, na tofauti hiyo ni ya maana sana kwa hoja yangu. Neno la mabasi ni kijembe. Mzee anajua anachokisema, kijana anakielewa, na wote wawili wanajua kwamba kimeeleweka. Jambo la jembe si kijembe. Mzee hakukusudia kumfumbia mwanawe chochote, na pengine hata nafsini mwake hajakiri kwamba jembe analolitengeneza ni la kijana huyo. Akiulizwa anakwepa. Batini ya kwanza iko mikononi mwa msemaji. Ya pili imemponyoka, nasi tunaiona kwa kuwa mikono yake inafanya kazi ambayo mdomo wake hautaki kuikubali.

Wanafunzi wengi, na si wao peke yao, huzichanganya hizi mbili. Wakisikia habari ya maana iliyofichika huwaza mara moja fumbo, kwa sababu fumbo ndilo tulilolizoea. Ni haki yao. Utamaduni wetu umelilea fumbo hata limekuwa na vyombo vyake maalum. Kanga ni mojawapo. Mwanamke akijifunga kanga yenye jina lenye sumu kidogo na kupita mbele ya mlango wa jirani, hakutamka neno. Jirani akilalamika ataambiwa kwamba nguo imenunuliwa dukani, na maneno yake yameandikwa na watu wa kiwandani wasiomjua. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana halina dawa. Uwezo huu wa kukana ni sehemu ya lazima ya kijembe chochote: pigo lifike, lakini mkono ulioutupa usionekane.

Lakini hata bila kanga, sarufi yetu yenyewe imejaa nyenzo za namna hii. Mtu asemaye "watu tuna njaa" katika nyumba ambayo chakula kimechelewa, na hali aliye na njaa ni yeye peke yake, amejificha nyuma ya wingi. Asemaye "wengine hatukuzoea mambo hayo" amejitaja na kumshutumu mwenzake kwa pigo moja bila kutaja jina la yeyote. Tunaweza kumtoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu, tukasema "jitu lenyewe limekuja" au "kitoto hiki kinajibu", na tusi likakaa katika kiambishi. Mke ambaye kila siku humwita mumewe "baba Asha" akimwita siku moja "bwana Salehe", jirani wanaosikia hawahitaji kuelezwa kwamba kuna jambo. Na msomaji afikirie neno dogo "haya". Mtumishi humjibu mkubwa wake "haya" kwa maana ya utii. Mke humjibu mume "haya" na mume akatamani angalau angemtukana. Mzee huwaambia wageni "haya", nao wakaelewa kwamba baraza limekwisha na yafaa waondoke. Aliyesubiri kutwa nzima mbele ya meza ya ofisi fulani na kuambiwa kwa upole "njoo kesho", akasikia kwamba kesho ile haihusu kalenda bali inahusu mfuko wake wa suruali, yeye pia amejifunza uhakiki wa matini, ingawa kwa gharama.

Kwa nini basi watu husema hivi? Wako wanaodhani kwamba ni desturi ya upole tu, au mapambo ya lugha. Mimi nasema kwamba batini haizaliwi pasipo kizuizi. Mtu husema la kando kwa sababu kuna kitu kinachomkataza kusema lenyewe: adabu mbele ya mkubwa, woga mbele ya mwenye nguvu, ahadi aliyoitoa, aibu, au jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kustahimili kulisikia likitoka kinywani mwake. Mzee wa jembe amezuiliwa na hadhi yake ya ubaba. Mwenye kanga amezuiliwa na ujirani, maana kesho atakwenda kuazima moto kwa mwanamke yule yule. Ondoa kizuizi, na fumbo linakuwa mchezo wa maneno usio na joto. Mwandishi anayetaka mazungumzo yake yawe na uhai hana haja ya kutafuta mafumbo. Atafute kwanza ni nini kinachowazuia watu wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote, na ambao walimu wengi wanao kabatini, ni ile hotuba ya Mark Antony katika Julius Caesar ya Shakespeare, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Kwa kawaida hufundishwa kama kielelezo cha ufasaha. Wanafunzi huambiwa watazame jinsi Antony anavyomsifu Brutus kwa sifa ile ile moja, akaizungusha na kuirudia mpaka imegeuka kuwa tusi. Hayo ni kweli. Lakini swali la awali huachwa: kwa nini asimshutumu Brutus waziwazi? Jibu limo katika tamthilia yenyewe, kabla ya hotuba. Antony amepewa ruhusa ya kusema juu ya maiti kwa sharti kwamba asiwalaumu waliomwua Kaisari, na asema kwamba anazungumza kwa idhini yao. Sharti hilo ndilo lililoizaa hotuba nzima. Antony analitimiza neno kwa neno, na kwa kulitimiza analivunja. Mwanafunzi asiyekumbushwa sharti lile huona ujanja wa maneno tu. Anayelikumbuka huona mtu aliyefungwa mikono akipigana kwa kamba zile zile alizofungwa nazo.

Hata hivyo Antony bado ni fundi wa kijembe. Anajua anachokifanya kila dakika. Kwa upande wa pili wa jambo hili, yaani batini inayomponyoka msemaji, sina budi kuvuka hadi Urusi, kwa sababu huko ndiko watu wa jukwaa walikoifanya kuwa somo la kila siku. Ukumbi wa Sanaa wa Moscow ulianzishwa mwaka 1898, na mmoja wa waanzilishi wake, Konstantin Stanislavski, aliwafundisha waigizaji kwamba maneno yaliyoandikwa ni sehemu ya juu tu ya kazi yao. Mtazamaji, alivyofundisha, anaweza kuyasoma maneno nyumbani kwake. Anakuja ukumbini kuiona ile maana iendayo chini yake. Mwandishi aliyewapa kazi hiyo zaidi ya wengine alikuwa Anton Chekhov. Katika tamthilia yake ya mwisho, iliyoonyeshwa mwaka 1904, familia ya kikabaila inapoteza bustani yake ya micheri kwa mnada, na mnunuzi ni Lopakhin, mfanyabiashara ambaye baba yake alikuwa mkulima mtumwa katika shamba hilo hilo. Watu wote wanatazamia kwamba Lopakhin atamposa Varya, binti wa kulea wa nyumba ile. Mwishoni, mizigo ikiwa imekwisha kufungwa, wanaachwa peke yao chumbani makusudi ili aseme neno. Varya anajifanya anatafuta kitu katika mizigo. Lopakhin anamwuliza atakwenda wapi sasa, kisha anazungumzia baridi iliyoingia. Varya anajibu kwamba kipimajoto chao kimevunjika. Sauti inamwita Lopakhin kutoka nje, naye anaondoka haraka kama mtu aliyekuwa akingoja kuitwa. Varya anaketi chini na kulia.

Hapana fumbo hapa. Kipimajoto hakimaanishi moyo, na mwalimu atakayewaambia wanafunzi kwamba kinamaanisha moyo uliovunjika atakuwa amekiharibu kisa chote. Kipimajoto ni kipimajoto. Watu wawili wanazungumza habari za hali ya hewa kwa sababu kuna swali moja chumbani ambalo mmoja hawezi kuliuliza na mwingine hana ruhusa ya kuliuliza yeye. Sisi tuliolelewa katika jamii ambamo posa hupelekwa na washenga tunakielewa kizuizi cha Varya upesi zaidi, nadhani, kuliko wasomaji wengi wa Ulaya ya leo.

Turudi nyumbani. Katika fasihi yetu ya zamani batini ilikuwa na kazi ya hatari. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga katika siku ambazo Wamazrui wa Mombasa walikuwa wakishindana na Seyyid Said wa Oman na Unguja, ushindani uliokwisha kwa Mombasa kuanguka mwaka 1837. Katika mashairi yake ya siasa, fumbo lilikuwa silaha na ngao kwa pamoja. Msikilizaji wa Mombasa alijua ni nani anayepigwa. Aliyepigwa angeweza kujua pia, lakini angepata taabu kuthibitisha.

Shaaban Robert naye, akiwa amekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alitoa Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi inayoelea angani ambamo kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Hapana msomaji wa Tanganyika aliyehitaji ramani ili aijue nchi hiyo. Lakini hapa yafaa tutazame kwa makini, kwa kuwa ndipo makosa yanapoanzia. Batini ya Kusadikika ni ya hadithi nzima. Mazungumzo yaliyomo ndani yake hayana batini hata kidogo. Karama anasimama barazani na kujitetea kwa ufasaha, siku baada ya siku, akisema yote anayoyaamini. Kizuizi kilikuwa kati ya mwandishi na watawala wake, si kati ya Karama na wasikilizaji wake. Ndivyo ilivyopaswa kuwa, na kitabu kile ni kizuri kwa sababu hiyo. Walioiga baadaye walichukua ufasaha wa Karama wakauacha uwazi wa angani. Wakawaweka wahusika wao Magomeni au Ukerewe, katika nyumba za kawaida, na kuwafanya waseme kama watu walio mbele ya baraza la Kusadikika.

Ngonjera nazo zilichangia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 palikuwa na haja kubwa ya kuwaeleza wananchi siasa mpya, na utungo huu uliokuzwa na Mathias Mnyampala ulifaa sana kazi hiyo. Asiyejua hutoa shaka yake, anayejua huijibu, na mwishoni wote wawili hukubaliana. Ngonjera haikuahidi zaidi ya hayo, na si haki kuilaumu kwa kukosa kitu ambacho haikukitafuta. Mtu aliyepata kuwaona wanafunzi wa shule ya msingi wakiighani mbele ya wazazi wao siku ya sikukuu anajua nguvu yake. Ila ni lazima tuseme kwamba katika ngonjera kizuizi kimeondolewa kwa makusudi: kila mmoja ameitwa aseme alilo nalo. Tabia hiyo ilipoingia katika mchezo wa kuigiza bila kubadilishwa, tukapata mume na mke wanaobishana kitandani kwa utaratibu wa mjadala wa shule.

Aliyeonyesha mapema kwamba njia nyingine ipo ni Ebrahim Hussein. Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, inafundishwa kila mahali kama tamthilia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ya umoja wa makabila. Dhamira hizo zimo. Lakini kiini cha tamthilia kiko katika tukio ambalo mara nyingi hupitwa kwa haraka. Kinjeketile amechukuliwa na Hongo mtoni, ametoka majini siku ya pili bila kulowa, naye anawatangazia watu waliokusanyika dawa ya maji, umoja na ushindi juu ya Wajerumani. Kisha, katika mkondo ule ule wa maneno, anatamka kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said. Hapo anakwama. Neno limemtoka, naye ndiye wa kwanza kulishangaa.

Msomaji apime uzito wa jina hilo. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya vita. Mwaka 1905 kiti chake Unguja kilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, tangu mwaka 1890. Kwa hiyo mtu anayewaita wenzake kwenye uhuru amewaahidi, kwa kinywa chake mwenyewe, ubwana wa nyumba ambayo nayo ina bwana wake. Halaiki haikulisikia hilo. Imelisikia neno la maji, imelisikia neno la ushindi, na kelele za furaha zimelifunika lililobaki. Tangu hapo Kinjeketile na watu wake wanatumia maneno yale yale lakini hawazungumzi jambo moja. Wao wakisema "maji" wanasema silaha. Yeye akisema "ngojeni" wanafikiri anasema habari ya mafunzo na maandalizi, kumbe anatafuta jinsi ya kuliondoa shaka ambalo hawezi kulitangaza. Kizuizi chake hakikuwekwa na mkoloni, kimewekwa na imani aliyoiwasha mwenyewe: akilikana neno, ataubomoa umoja ambao neno hilo limeujenga. Kwa Kitunda peke yake anaweza kufungua kifua, na hapo ndipo anaposema maneno yake maarufu juu ya neno linalozaliwa na mtu na kisha likamzidi nguvu mzazi wake.

Ukiisoma hivyo, mwisho wa tamthilia haubaki kuwa tendo la ushujaa tu. Kinjeketile ameshikwa, amepigwa, anatakiwa aseme mbele ya adui kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akubali. Anakataa. Mwanafunzi makini lazima aulize: je, si yeye mwenyewe aliyekuwa na shaka? Anakataa kusema jambo ambalo kwa kiasi fulani analiamini! Hapo mwandishi ametuonyesha kwamba sentensi moja si sentensi moja inapobadilisha msikilizaji. Shaka lile, likisemwa kwa Kitunda usiku, ni ungamo la rafiki kwa rafiki. Likisemwa kwa mwenye bunduki, litasafiri mpaka kwa watoto ambao hawajazaliwa, nao wataambiwa kwamba baba zao walikufa kwa ajili ya upuuzi. Kinjeketile hakatai kwa sababu ya ukweli wa maji. Anakataa kwa sababu ya nani atakayelibeba neno lake na kulipeleka wapi. Sijui mahali pengi katika tamthilia za Kiswahili ambapo kukaa kimya juu ya jambo moja kumebeba mzigo mkubwa kama huu.

Katika Mashetani, ya mwaka 1971, Hussein alikwenda mbali zaidi. Wanafunzi wawili, Juma na Kitaru, ni marafiki, na wanaigiza mchezo wa Shetani na Binadamu. Nyumba wanazotoka zimepitiwa kwa namna zilizo kinyume na mabadiliko ya nchi, moja ikishuka na moja ikipanda, na jambo hilo ndilo lisilosemeka baina yao. Linasemwa kwa mchezo, kwa ndoto, kwa ugonjwa. Wako wanaolalamika kwamba tamthilia hiyo ni ngumu. Ni ngumu kweli, na pengine mahali pengine mwandishi amemdai msomaji kuliko haki. Lakini kwa mwalimu anayeanza na swali la nini kinachowazuia vijana wawili hawa wasiambiane wazi, sehemu kubwa ya ugumu huyeyuka.

Hapa ndipo ninapofika kwenye darasa. Maswali yetu ya mitihani kwa muda mrefu yamependa kuuliza dhamira na ujumbe: eleza dhamira kuu, onyesha ujumbe anaoutoa mwandishi, thibitisha kwa mifano. Mwanafunzi hodari hujifunza kujibu bila kufungua kitabu, kwa kuwa dhamira zimekwisha kuandikwa ubaoni: ukoloni, umoja, usaliti, nafasi ya mwanamke. Anatoka shule akidhani kwamba tamthilia ni mfuko, ujumbe ni mchele, na kazi ya msomaji ni kumimina. Kisha baadhi yao wanakuwa waandishi, nao wanaandika mifuko. Mhusika wao anaitaja dhamira kwa jina ili mwalimu asipate taabu ya kuitafuta. Mduara huo unajilisha wenyewe.

Kuna hatari ya upande wa pili, nami sipendi nieleweke kwamba naifungulia mlango. Wapo walimu waliokwisha kuonja utamu wa batini, na sasa hawaoni mti ukaachwa kuwa mti. Mvua ikinyesha ni mapinduzi, kuku akipotea ni uchumi wa nchi. Batini isiyo na ushahidi ndani ya maandishi ni ramli. Ushahidi upo kwa kawaida, na haujifichi sana: jibu lisilolingana na swali, neno linalorudiwa bila haja, jina la kuitana lililobadilika, mtu anayeshika kazi ya mikono ghafla, mtu anayeondoka mapema. Katika mfano wangu wa mwanzo, ushahidi ni kwamba mzee aliyeulizwa swali rahisi mara mbili alijibu mara moja nusu na mara ya pili kwa kumtuma mtu akaoge. Kama angejibu "la jirani yetu", pasingekuwa na batini yoyote katika jembe lile, na mwanafunzi atakayeiona atakuwa ameileta mwenyewe kutoka nyumbani.

Mwalimu anaweza kuanza na zoezi lisilohitaji vitabu. Awape wanafunzi wawili mazungumzo ya mistari minne ambayo mstari wa mwisho ni "haya", awanong'oneze kila mmoja kwa siri ni nini asichoruhusiwa kukitaja, kisha darasa lisikilize na kukisia. Abadilishe siri, maneno yabaki yale yale. Baada ya hapo wafungue Kinjeketile, na badala ya kuuliza ujumbe, awaulize jambo hili: Kinjeketile anamweleza nani shaka lake, anamficha nani, anakataa kumpa nani, na kwa kila mmoja, angepoteza nini kama angefanya kinyume?